Mashimo Kumi na Manane

Siku yangu ya kwanza kazini nilichelewa dakika nane, na dakika zote hizo nilikuwa nyuma ya ukuta wa choo cha shule nikijiuliza kama nirudi nyumbani. Nilikuwa Kidato cha Tatu. Tangazo kwenye ubao lilisema timu ya wasichana ya kuvuta kamba inahitaji watu, na kwamba wenye uzito watapewa kipaumbele. Nililisoma mara sita. Nilitaka kujua kama Mwalimu wa Michezo aliliandika akinifikiria mimi. Baadaye nilimuuliza. Akasema ndiyo.

Naiita kazi kwa sababu yeye aliiita hivyo. "Mchezo ni wa wale wanaotazama," alituambia. "Wewe uliyeshika kamba uko kazini." Sasa nahodha wenu ameniomba niandike kwenye daftari la timu jinsi kazi hii ilivyofanywa enzi zetu. Nina miaka ishirini na minne, nina shahada, na sijapata ajira, lakini kwenye kuvuta kamba mimi ni mstaafu. Nimeandika mwanzo wa maelezo haya mara tisa. Huu ndio nimeuacha.

Siku hiyo ya kwanza nilimkuta Mwalimu wa Michezo, ambaye pia alitufundisha Jiografia, amekaa juu ya kamba iliyoviringishwa kama kiti.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Umechelewa. Jina?"

"Somoe."

"Uzito?"

Nilitazama kamba aliyoikalia. Msichana mmoja mwembamba, mtandio wake ameufunga kisogoni kama mtu anayejiandaa kuosha masufuria, akajibu kwa niaba yangu: "Mwalimu, huyu hapimwi, anakadiriwa."

Wote wakacheka. Yule alikuwa Salha, nahodha. Kwao wanauza vitambaa pale Kariakoo tangu babu yake, ambaye wazee wake walitoka Arabuni, na Salha alikuwa na mdomo wa mtu aliyekulia kwenye kaunta. Nilitaka kulia. Lakini alinisogelea, akanishika viganja na kuvigeuza juu chini kama anakagua kitambaa, akasema, "Bonge, mikono yako mizuri. Kaa na sisi."

Nilipangiwa vituo vitatu katika utumishi wangu. Kituo cha kwanza kilikuwa maji: kubeba chupa na unga wa chaki wa kupaka viganjani. Kituo cha pili, baada ya miezi minne, kilikuwa namba sita. Timu ina watu wanane, na kila namba ina kazi yake. Wa mbele ni wepesi wenye macho, wa katikati wana mapafu, wa nyuma wana miili. Salha alikuwa namba moja, uso kwa uso na adui.

Uwanja wa shule yetu pale Kariakoo ulikuwa saruji tupu, kwa hiyo saa kumi jioni tulibeba kamba mabegani hadi Mnazi Mmoja, kwenye mchanga, huku wapita njia wakitutania. "Dada zangu, mnakwenda kumfunga nani?" Kamba ilikuwa ya katani, ndefu, nene kama mkono wa mtoto. Katikati ilifungwa kitambaa chekundu. Mwamuzi hutoa amri nne. Shika, unainua kamba. Kaza, unachimba visigino ardhini na kuegemea nyuma. Tulia, hakuna kupumua ovyo. Vuta. Mvuto ni raundi moja, na anayeshinda mivuto miwili kati ya mitatu ameshinda. Kila mvuto husogezwa hatua chache pembeni, kwenye mchanga ambao haujachimbwa.

Mwalimu alitufundisha pia kufunga. Kufunga ni kukaa bila kuvuta, mmelala nyuma, mgongo umenyooka, mkiwasubiri wenzenu wachoke. Ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, kwa sababu akili inabaki haina kazi. Akili yangu ikikosa kazi hujitafutia. Nikiwa nimefunga niliwaza mitihani, niliwaza kama mama ameuza korosho zake, niliwaza kama nilimjibu mtu vibaya wiki iliyopita. Mwalimu alikuwa akipita pembeni na kusema, "Somoe, rudi." Nami nilirudi.

Kituo cha tatu kilikuwa nanga.

Nanga ni mtu wa nane, wa mwisho. Wenzake wanashika kamba, yeye anaivaa. Inapita chini ya kwapa moja, inakatiza mgongo, inapanda bega la pili, inashuka kifuani na kurudi nyuma chini ya kwapa. Hakuna fundo, sheria hairuhusu. Kipande kinachobaki kinalala mchangani nyuma yako, nasi tulikiita mkia. Nanga huona migongo saba. Yeye hakuna anayemwona.

Aliyenikabidhi nafasi hiyo alikuwa Dada Consolata, wa Kidato cha Nne, siku chache kabla hajaanza mitihani yake ya mwisho. Alinivisha kamba kwa utaratibu kama anayemvisha bibi harusi, kisha akanisogelea sikioni.

"Mkia uache ulale wenyewe. Usiukunje, usiukanyage."

"Kwa nini, dada?"

"Wewe fanya hivyo." Akafikiri kidogo. "Na usiogope."

Mtu kama mimi humwambii asiogope halafu ukaondoka. Sikulala vizuri wiki nzima.

Mazoezi yangu ya kwanza kama nanga yalikuwa ya kufunga tu. Mwalimu aliifunga ncha ya mbele kwenye nguzo ya chuma, akatuambia tukae hadi atakaposema. Ilipita dakika moja, na ya pili. Mapaja yakaanza kutetemeka. Na hapo, nyuma yangu, mkia ukanyanyuka kutoka mchangani. Niliusikia ukinigusa kiuno, taratibu. Kisha ukakaza. Uzito uliokuwa ukinivuta mbele ukapungua, kama mtu anapokupokea ndoo upande wa pili wa mpini.

Sikugeuka. Si kwa ujasiri, shingo ilikataa.

Mwalimu aliposema "Achia", wenzangu walianguka chali wakicheka. Mimi nilibaki nikitazama chini. Kwenye amri ya Kaza kila mtu huchimba mashimo mawili ya visigino, na kwa kuwa tulikuwa hatujasogea, mashimo yote yalikuwa wazi. Nilihesabu. Watu wanane ni mashimo kumi na sita. Yalikuwa kumi na manane. Mawili ya mwisho yalikuwa hatua moja nyuma ya yangu, kulia na kushoto kwa mkia, membamba kuliko yangu na yameingia zaidi. Hayakuwa na alama ya soli ya kiatu.

Nilirudi nyumbani nikaandika sababu kumi na moja kwenye daftari la Fizikia. Ya kwanza, mtu alipita pale kabla yetu akachimba. Ya pili, mbwa. Ya tano, nimekosea kuhesabu. Ya kumi na moja niliiacha wazi. Kesho yake nilihesabu tena, yakawa kumi na manane. Kesho kutwa yake vilevile. Ikawa kila tukimaliza najifanya nafunga kamba ya kiatu ili niweze kuhesabu, kisha nayafukia mawili yale kwa mguu kabla wengine hawajayaona.

Kuna mchana mmoja mtaa wa Gerezani ambao hadi leo nikiukumbuka nakaa chini. Mwalimu alikuwa na rafiki fundi, mwenye karakana kule kwenye vyuma na vipuri, aliyetuwekea kifaa cha mazoezi: pipa lililojazwa zege, limeninginizwa kwa kamba yetu kwenye kapi, lile gurudumu la kupitishia kamba juu ya boriti. Tukivuta, pipa linapanda. Tukilegea, linashuka. Ilikuwa saa nane mchana, jua kali, mafundi wengine wamekwenda kula. Pipa lilipanda hadi usawa wa dirisha, tukafunga.

Salha akapata wazo. Nilimwona akimkonyeza namba mbili. "Moja, mbili, tatu," akasema, na wote saba wakaachia kamba kwa mpigo, wakaruka pembeni. Walitaka kuniona nikiburutwa vumbini na kupiga kelele. Ilikuwa kawaida yetu, kila aliyepewa nafasi mpya alifanyiwa mzaha.

Pipa halikushuka.

Nilisimama pale peke yangu na kamba begani. Pipa lilikuwa linazunguka polepole hewani, likigongagonga ukuta. Mimi sikuwa navuta. Magoti yangu yalikuwa yamenyooka. Nyuma yangu mkia ulikuwa umenyooka kama waya wa umeme, na nilisikia katani ikilia, ule mlio mdogo wa nyuzi zinapokazwa.

Fundi alitoka ndani akifuta mikono. Alitazama pipa, akanitazama mimi.

"We binti! Kwenu mnakula nini?"

"Korosho," Salha alijibu haraka. "Mama yake anaziuza. Huyu akila debe moja anabeba treni."

Wakacheka, lakini kicheko kilikatika mapema. Kisha pipa likaanza kushuka, taratibu, kama mtu anavyoweka chini mtoto aliyelala. Lilipogusa ardhi, mkia ukalegea. Hakuna aliyesema lolote njiani kurudi Kariakoo. Nilidhani wamenikasirikia kwa kuharibu mzaha wao.

Jumatatu nilimfuata Mwalimu kwenye chumba cha vifaa. Alikuwa anajaza upepo mipira.

"Mwalimu, naomba kuuliza. Nyuma ya nanga huwa kuna nini?"

Aliacha kupampu. "Ameanza lini?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa jibu la kwamba nakosa usingizi.

"Siku ya kwanza," nikasema.

"Consolata alikuja kuniuliza akilia. Aliyemtangulia alikuja akiwa amenikasirikia. Wewe angalau umebisha hodi." Akakaa. "Simjui, Somoe. Kamba hii niliikuta hapa nilipohamishiwa. Mwalimu aliyenikabidhi aliniambia kitu kimoja, kwamba wa nyuma hana madhara, na hakai asipotakiwa."

"Sasa mimi nifanye nini?"

"Nanga ni wewe. Unamtaka abaki, au aende?"

Mwanafunzi wa aina yangu hufurahi akiambiwa la kufanya. Yeye akaniachia swali na kuendelea kujaza mpira.

Kwa miezi mitano sikulijibu, na kutokujibu kulikuwa jibu. Tulishinda. Shule zilizokuwa zikitucheka zilianza kuuliza tunafanya mazoezi wapi. Mkuu wa Shule, ambaye hakuwahi kujua jina langu, alinisimamisha mstarini mbele ya shule nzima akaniita "mhimili". Nilianza kujibu darasani bila kusubiri kuitwa. Nilianza kutembea katikati ya njia badala ya pembeni. Watu waliniambia kuvuta kamba kumenibadilisha, nami nilitabasamu, na kila usiku nilijiuliza: ni mimi niliyebadilika, au kuna mtu amenishikilia kwa nyuma?

Katika nusu fainali mwalimu wa timu pinzani aliingia uwanjani akipaza sauti. "Mwamuzi, hawa wako tisa! Nimewahesabu kwa macho yangu!" Mwamuzi alipita akigusa bega la kila mmoja wetu, moja hadi nane. Alipofika kwangu aliinua mkono kana kwamba anataka kugusa na bega jingine, akasita, akaushusha. "Wanane," akasema, lakini hakunitazama tena.

Fainali ya shule za wilaya ilikuwa palepale Mnazi Mmoja. Watu walikuwa wengi, wachuuzi wa miwa na maji wamezunguka kamba. Mvuto wa kwanza haukuchukua hata muda wa kuvuta pumzi tano. Wapinzani walikuja kifudifudi. Msichana wao wa mbele alianguka, kidevu kikachanika, damu ikamwagikia fulana yake nyeupe. Alikuwa mdogo kuliko Salha. Wenzangu walikuwa wanarukaruka. Mimi nilitazama miguu yangu. Visigino vyangu havikuwa vimeingia hata kidogo. Nilikuwa nimeivaa kamba kama mkoba.

Hapo ndipo niliamua. Msidhani niliamua kishujaa. Niliamua kwa sababu sikuweza kuvumilia kuwaza jambo hilo hata siku moja zaidi.

Tulisogezwa kwenye mchanga mpya. Wenzangu walikuwa wanapaka chaki. Niligeuka nyuma, mara ya kwanza katika utumishi wangu. Kulikuwa na mkia uliolala mchangani, na mbali kidogo mzee mmoja akinunua gazeti. Nikakwama. Sikujua niseme "mambo" au "shikamoo". Sikujua umri wake. Nilipiga hesabu: kama mwalimu aliyetangulia alimkuta, basi ni mkubwa kwangu.

"Shikamoo," nikanong'ona.

Ncha ya mkia ilijiinua kidogo mchangani, kama kichwa, ikatulia.

"Asante kwa yote. Naomba sasa uniachie."

Mkia ulirudi chini. Ndani ya kifua changu kitu kilishuka pamoja nao.

Mvuto wa pili tulishindwa. Uzito wote ulinijia mgongoni kwa mara ya kwanza, nikaelewa kazi ya nanga ni nini. Salha aligeuka akanitazama.

Mvuto wa tatu ulikuwa mrefu kuliko yote niliyowahi kuvuta. Tulifunga. Wao wakafunga. Wachuuzi waliacha kuita. Nilisikia pumzi za wenzangu saba kama pumzi ya mtu mmoja, na akili yangu, ambayo haijawahi kunyamaza, ilinyamaza. Sikuwaza kitu. Kulikuwa na kamba, na mimi ndani yake, na visigino vyangu vikishuka mchangani kidogo kidogo. Kisha kamba ikaanza kwenda upande wao, upana wa kidole, upana wa kiganja. Hatukuanguka. Tulivutwa tukiwa bado tumelala nyuma, na filimbi ikapigwa.

Nilihesabu kabla hata sijavua kamba. Kumi na sita.

Nikiwa bado nimeinama, viatu vikasimama mbele yangu. Alikuwa nanga wao, msichana mrefu, chaki bado viganjani, midomo imekauka.

"Dada, samahani," akasema. "Nyuma yangu pale, kuna mtu mlimweka?"

Nilikwenda hadi upande wao na kupita pembeni ya mstari wao nikihesabu kwa kidole, mbele ya watu. Nyuma ya mashimo yake kulikuwa na mawili, membamba, yasiyo na soli.

Nilimkuta Salha amekaa kwenye ukingo wa saruji, analia bila sauti. Nikamweleza yote: mkia, pipa, shikamoo, na mashimo ya upande wa pili. Niliongea haraka nikitazama vidole vyangu vya miguu. Nilitegemea anione mwendawazimu. Alifuta pua kwa mtandio.

"Yaani umemfukuza mchezaji bila kumwambia nahodha?"

Niliinua macho kutoka kwenye vidole.

"Ulidhani unahesabu peke yako, Bonge? Kila siku unainama kufunga kamba ya kiatu, na viatu vyako havina kamba. Sote tunajua. Tangu enzi za Consolata tunajua. Siku ile ya pipa tulikufa kwa woga."

"Mbona hamkusema?"

"Kwa ajili yako! Tulikuona umeanza kuinua kichwa, tukasema tunyamaze, asije akarudi kule nyuma ya choo tulikomwona siku ya kwanza." Akanipiga begani, kwa nguvu, na haikuwa mzaha. "Ungetuuliza, tungesema aende. Mimi wa kwanza. Mtoto wa watu kidevu kimechanika. Lakini tungesema wote, na tungejipanga. Tungemleta namba sita mbele yako, tungekaza mapema. Umetuacha tunavuta mvuto wa pili hatujui hata kilichopungua."

Nilikuwa nimefikiria kila kitu kwa miezi mitano isipokuwa watu saba waliokuwa mbele yangu.

Kisha Salha akaanza kuhesabu kitu kwenye vidole, akasimama.

"Subiri kwanza. Mvuto ule wa tatu, wao walikuwa tisa?"

"Tisa."

"Na sisi wanane." Alitazama kule uwanjani, ambako wenzetu walikuwa wanakunja kamba. "Somoe, tumehimili tisa. Umeona tulivyokaa?"

Akawapigia kelele wenzetu, akawaambia. Nikaona mmoja mmoja akiacha kamba na kusimama wima.

Nilistaafu muhula uliofuata, mitihani ya mwisho ilipoanza. Hakukuwa na sherehe. Mwalimu wa Michezo alinishika mkono, akasema nilikuwa nanga mzuri kwa mivuto miwili. Alikuwa anahesabu vizuri kuliko mimi.

Siku hizi naingia vyumbani kwenye usaili wa kazi, nakaa mbele ya watu watatu au wanne, na bado nawaza kila neno mara kumi kabla halijatoka. Hilo, kamba haikulitoa. Ilichonipa ni kujua uzito wangu ukoje nikiwa nimeubeba mwenyewe, na aibu ndogo isiyokwisha ya kuwaamulia watu saba jambo lao. Nikishindwa usaili nampigia Salha, yuko dukani kwao, namwambia palepale kabla sijaanza kuandika sababu kumi na moja.

Nasikia shule ile nyingine haikufika mbali mwaka uliofuata, na nasikia nanga wao aliacha. Yule wa nyuma yuko wapi sasa, sijui. Kwa hiyo wewe uliyevaa kamba sasa, kama siku moja ukiwa umefunga utahisi mzigo unapungua wakati hujafanya lolote, usiandike kwenye daftari na usimsumbue mwalimu. Waambie wenzako saba, kwa sauti, palepale uwanjani. Wakicheka, endeleeni na mazoezi. Wakinyamaza wote, ujue wameshayahesabu mashimo.